Laini Kumi na Mbili

Sehemu ya Tisa

"Sahihi hii ni ya nani?"

Hapo ndipo tulipoachana, na najua wapo walionilaani wiki nzima. Haya, laana zimefika. Mizani bado amesimama, karatasi iko mbele yake, na Wakili Tabasamu bado anatabasamu.

Kwa msomaji aliyejiunga leo, nampa habari kwa pumzi moja. Mizani ni mpimaji wa Mamlaka ya Mawasiliano. Kazi yake ni kuzunguka na gari lenye antena, kupima kasi ya intaneti wanayouziwa wananchi, na kuandika ripoti. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hajui kupendelea. Leo yuko ukumbini, ghorofa ya tatu ya jengo lao wenyewe, anatoa ushahidi dhidi ya Kampuni, ile inayoshika intaneti karibu yote ya nchi.

Mlalamikaji ni mwalimu kiziwi anayefundisha watoto viziwi kwa video. Miezi minne sasa video zake zinakwamakwama, huku masomo ya video ya Kampuni yenyewe yakiteleza bila shida. Akishindwa leo, shule inafungwa mwisho wa mwezi.

Na lipo jambo ambalo mle ukumbini walilijua wawili tu. Mwalimu yule ni mdogo wake Mizani, tumbo moja. Kanuni za Mamlaka zinamtaka mfanyakazi atangaze udugu wa namna hiyo na akae kando. Mizani hakutangaza. Alijua akikaa kando faili lingepewa mtu wa kulilalia.

"Sahihi ni ya nani, mama?" Wakili wa Kampuni akarudia, mpole kama muuguzi anayeficha sindano.

"Ni yangu."

"Tusomee mstari wa mwisho. Kwa sauti, wakubwa wasikie."

Mizani akabonyeza kitufe cha maiki, taa nyekundu ikawaka. "'Kampuni imetimiza Kanuni ya Kumi na Nne. Hakuna data iliyobaguliwa wala kupunguzwa kasi.'"

"Hiyo ni ya lini?"

"Mwaka jana."

"Na mwaka juzi uliandika nini?"

"Hivyo hivyo."

"Na mwaka uliotangulia?"

Mizani akaisukuma karatasi mbali kidogo.

"Miaka sita, waheshimiwa!" Wakili akageuka, mikono wazi. "Miaka sita mama huyu ametupa alama za juu kwa mkono wake. Leo anatuita wabaguzi. Tuambie basi, dada, ulikuwa mwongo jana, au umeanza uongo leo?"

Safu za nyuma zikacheka. Kampuni ilikuwa imeleta watu wake wengi, wote na mashati yaliyopigwa pasi vizuri, na walijua wacheke saa ngapi.

Mwenyekiti wa jopo, jaji mstaafu, mama wa miwani iliyoshuka hadi nchani mwa pua, akagonga meza kwa kalamu. "Wakili, maonyesho ukafanye nje. Shahidi, jibu swali."

"Sikusema uongo, Mheshimiwa. Nilipima nilichopewa."

"Fafanua."

Ndipo Mizani akamwaga. Alisema Jumanne iliyopita aliegesha gari nje ya dirisha la chumba anachofundishia Mwalimu. Akaweka simu mbili juu ya boneti, za aina moja. Ya kwanza ina laini rasmi ya kupimia, iliyosajiliwa kwa jina la Mamlaka. Ya pili ina laini ya kawaida, ile anayonunua mtu yeyote kibandani. Mnara ule ule, dakika ile ile, somo lile lile.

"Ile ya Mamlaka ilifungua kabla sijaondoa kidole. Ya kawaida ilizunguka sekunde arobaini, ikafunguka, ikakwama. Kwenye hiyo hiyo ya kawaida nikafungua masomo ya Kampuni. Yakaenda vizuri mpaka mwisho."

"Video kukwama kidogo ndiyo kesi?" Wakili akauliza.

"Wewe ikikukwamia unabaki na sauti. Mtoto kiziwi mkono wa mwalimu wake ukikwama, hana kitu. Anatazama picha."

Hata wale wa mashati waliangalia viatu vyao.

Jaji akapandisha miwani. "Unasema Kampuni inazitambua laini mnazopimia? Zenu wanaziachia, za wananchi wanazibana?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na si kila kitu wanabana. Wanabana anayeshindana nao."

Kwenye safu ya mbele Mkurugenzi wa Mamlaka, bosi wa Mizani, alitoa leso akafuta shingo. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza mpaka mapazia yanatikisika, lakini yeye alifuta shingo.

Upande wa pili, Mkalimani aliyevaa shati jeusi ili mikono yake ionekane, alikuwa akimfikishia Mwalimu kila neno kwa lugha ya alama. Mwalimu alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndivyo ilivyo. Mizani alijizuia kumtazama. Lugha ile ameizungumza tangu akiwa na miaka minne, na leo ilimbidi akae kama mgeni, asubiri mkalimani amwambie mdogo wake amesema nini. Msomaji, hebu jaribu siku moja kujifanya huelewi lugha ya nyumbani kwenu, uone kama utamaliza hata saa moja.

"Maneno matupu," Wakili akasema. "Gari lake, simu zake, macho yake. Mheshimiwa, nina ombi dogo. Tupime hapa hapa. Laini yoyote ya kawaida, simu ya mtu yeyote. Darasa la mlalamikaji liko hewani sasa hivi, sivyo?"

Mizani alifurahi, mjinga yule! Badala ya kujiuliza kwa nini mtu wa Kampuni anaomba kipimo, alikubali kabla Jaji hajafungua mdomo.

Karani wa jopo akatoa simu yake, ikaunganishwa na skrini kubwa ya ukutani. Akagusa anwani ya darasa.

Picha ikafunguka papo hapo.

Watoto kumi na tisa, kila mmoja kwenye kisanduku chake, kila uso safi. Ungeweza kuhesabu vifungo vya mashati yao. Msaidizi wa Mwalimu alikuwa akiwafundisha sehemu za ua, na mikono yake ilikwenda bila kusita.

Mwalimu akainuka kama aliyesukumwa. Karani akageuza kamera ya simu imwone, na watoto wakamwona. Mikono kumi na tisa ikapaa kwa pamoja. Binti mmoja asiye na meno mawili ya mbele alisogea mpaka uso ukajaa skrini.

Mkalimani akatafsiri: "Mtoto anasema, 'Mwalimu, leo tunakuona! Umekata nywele lini?'"

Mwalimu akajibu huku machozi yakimtoka, na Mkalimani akasema, "Anasema, 'Huu ni mwezi wa pili, mama.'"

Miezi miwili watoto hawakujua mwalimu wao amekata nywele. Mwalimu alisimama pale akicheka na kulia, akimsalimia mmoja mmoja, amesahau yuko wapi, amesahau kwamba kila salamu ilikuwa inamnyonga. Kwa sababu kila picha ilivyozidi kuwa safi, ndivyo kesi yake ilivyozidi kufa.

"Mheshimiwa," Wakili akasema taratibu, kama mtu anayesikitika kweli, "je, hiyo ndiyo huduma iliyobanwa?"

"Wamefungua leo asubuhi!" Mizani akapaza sauti bila hata kubonyeza kitufe. "Mtoto mwenyewe kasema leo! Jana hawakuwa wanaona!"

"Una kitu cha kuonyesha?"

Hakuwa nacho. Au tuseme alikuwa nacho, lakini alikuwa anakiogopa. Mkono wake ulikwenda kwenye mkoba, ukarudi.

Jaji aliliona hilo. "Shahidi, nina ripoti sita zenye sahihi yako upande huu, na simu mbili juu ya boneti upande ule. Nipe kitu cha maandishi. Tunapumzika nusu saa."

Kalamu ikagonga meza.

Mkurugenzi alimshika kiwiko kabla hajafika ngazini, akamvuta hadi penye mtungi wa maji, kwenye kona ya korido ambayo taa yake iliungua siku nyingi na hakuna aliyejali.

"Barua unayo," alisema.

"Barua gani, bosi?"

"Usinichezee. Mtu wa masijala kaniambia juzi ulichukua faili la mwaka ule wa kwanza ukalirudisha limepungua."

Mizani akaukumbatia mkoba. Ndani yake, imekunjwa mara mbili, ilikuwamo karatasi moja tu, na hiyo moja ilitosha kuvunja nyumba.

Sikiliza, msomaji, maana hapa ndipo moyo unapochoma. Miaka sita iliyopita, Mamlaka ilipoanza kupima, laini zao kumi na mbili zilikuwa zinasumbua. Kupima kunakula data nyingi, na mitambo ya Kampuni ikiona laini inakula kupita kiasi huipunguza kasi yenyewe. Kipimo kilikatika njiani kila siku. Basi Mizani, mtu wa utaratibu, akaketi akaiandikia Kampuni barua nzuri ya kikazi. Akaorodhesha namba zote kumi na mbili. Akaomba, kwa heshima na taadhima, namba hizo zisizuiwe wala kupunguzwa kasi kwa sababu yoyote ile. Akasaini.

Wakamsikiliza, na hawajaacha kumsikiliza mpaka leo.

Miaka sita alizunguka nchi na gari lake la antena, mvua na jua, akipima kitu alichokiomba mwenyewe. Alipoikuta barua hiyo juzi kabatini alikaa chini, sakafuni, katikati ya mafaili, akatukana. Alijitukana yeye.

"Aliyeipokea barua hiyo kule Kampuni ni mimi," Mkurugenzi akasema. "Wakati ule nilikuwa mkuu wa mitambo yao, unakumbuka. Mhuri una jina langu. Ikisomwa leo mimi nimekwisha. Lakini wewe utatangulia, Mizani. Wewe ndiye uliyeomba. Nani ataamini hukujua?"

"Mimi niliomba laini za kupimia zisikatike. Sikuomba muwabane watu wengine!"

"Punguza sauti. Nimeongea na wenzetu wa Kampuni. Hawataki kelele. Wamefungua leo asubuhi, na hawatafunga tena. Shule ya yule mama itawekwa kwenye orodha maalum, itapita bila kizuizi, siku zote, bila kulipia chochote. Aondoe malalamiko, barua irudi kabatini, kila mtu arudi kwake."

"Orodha maalum? Bosi, hiyo orodha ndiyo dhambi yenyewe! Kanuni inasema data zote zipite sawa, ya mkubwa na ya mdogo. Ninyi mnataka kumtoa mmoja kwenye foleni ili mwendelee kuwabana waliobaki."

"Dhambi waachie wahubiri. Mimi naongelea watoto kumi na tisa." Akatazama saa. "Nenda kamwambie. Nyie wanawake mtaelewana."

Hakujua alikuwa anamtuma mtu kwa mdogo wake.

Choo cha wanawake kilikuwa na sinki mbili, moja haitoi maji. Mwalimu alikuwa kwenye ile inayotoa, ananawa uso. Mizani akasukuma kila mlango kuhakikisha hakuna mtu, kisha akaegemeza ndoo ya mfanyausafi nyuma ya mlango mkubwa. Wakasimama uso kwa uso, na kwa mara ya kwanza siku ile wakazungumza kwa mikono yao, haraka, bila mkalimani.

Mizani alimwambia yote. Barua, mhuri, Mkurugenzi, orodha maalum. Hakujipunguzia kosa hata chembe. Kisha akasema, "Nitaisoma barua. Kazi waichukue."

Mwalimu alifuta mikono kwenye sketi yake kwanza. "Hapana. Nakubali."

"Unakubali nini?"

"Hiyo orodha. Naondoa malalamiko."

"Umerukwa na akili? Wanakuhonga na kitu ambacho ni haki yako!"

"Basi nimehongwa na haki yangu. Naichukua."

"Na wengine je? Wanaobanwa kama wewe?"

"Waje nao walalamike. Mimi nimekaa kwenye viti vya Mamlaka yenu miezi minne." Mikono ya Mwalimu ilianza kupiga hewa kwa nguvu. "Walikuwa sitini na tatu, dada. Wamebaki kumi na tisa. Unajua wale wengine wako wapi? Wako nyumbani, wanatazama midomo ya watu wasiowaelewa. Leo nimewaona hawa kumi na tisa. Umeniona nilivyowaona? Unataka nikawaambie nini, kwamba mtandao ulirudi saa moja ukaondoka tena kwa sababu dada yangu anataka kulala usingizi mzuri?"

"Sikujua walikuwa wananidanganya."

"Hukuuliza. Mwezi ule wa kwanza nilikuja kwako nikakwambia video zinakwama. Ulinijibu nini?"

Mizani akashusha macho. Mwalimu akamgonga bega, amtazame.

"Ulinijibu nini?"

"Nilikwambia ripoti zinaonyesha mtandao uko sawa. Nikakwambia ubadilishe simu."

"Nikabadilisha. Mara mbili."

Bomba lilikuwa linachuruzika. Mizani alilisikia, Mwalimu hakulisikia.

"Toka tukiwa watoto unanisemea," Mwalimu akaendelea, sasa polepole. "Kliniki unanisemea. Shuleni unanisemea. Siku ya posa yangu ulinisemea, ukawaambia nimekubali kabla sijainua mkono. Unaamua, halafu unakuja kuniambia nimeamua nini. Leo naomba nijisemee mwenyewe. Barua ibaki mkobani. Niahidi."

Mizani alimtazama mdogo wake, zile nywele fupi, yale macho yaliyovimba.

"Naahidi," akasema.

Walirudi kwa kupishana, kama watu wasiojuana. Skrini bado ilikuwa inawaka na watoto bado walikuwapo, wanachora ua kila mmoja kwenye daftari lake. Yule binti wa pengo alikuwa anainua lake kila dakika, amwonyeshe Mwalimu.

Jaji akaketi. "Mlalamikaji, kuna nyongeza?"

Mwalimu akasimama. Mkalimani akasema, "Mlalamikaji anasema anaondoa malalamiko yake yote."

Ukumbi ukavuma.

"Kwa hiari yako? Hukutishwa?"

"Anasema ni kwa hiari yake. Anasema video sasa ni nzuri, anashukuru."

Jaji alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Wakili, kisha Mkurugenzi. Mwanamke yule alikuwa ameketi kwenye viti vya hukumu miaka thelathini, na harufu ya mambo aliijua. Lakini mtu akisema hiari, ni hiari. Karani akaleta fomu ya kufunga kesi. Jaji akachomoa kalamu.

Mkurugenzi alirudisha leso mfukoni.

Mizani alikuwa amekaa, mkoba magotini. Alikuwa ameahidi, na alitaka kutimiza ahadi, nawaapia. Alijiambia watoto kumi na tisa si haba. Alijiambia kesho atatafuta njia nyingine. Lakini Wakili Tabasamu aligeuka akamtazama, akamkonyeza kwa jicho moja, kama wanavyokonyezana watu walioshirikiana kazi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wameshirikiana miaka sita. Sasa angeendelea kushirikiana nao, safari hii akijua.

Taa nyekundu ikawaka.

"Mheshimiwa, kabla hujasaini."

"Mizani!" Mkurugenzi akafoka. "Kaa chini!"

"Uliniomba kitu cha maandishi. Hiki hapa." Akaikunjua karatasi, akaisoma. "'Tunaomba namba zifuatazo zisizuiwe wala kupunguzwa kasi kwa sababu yoyote ile.' Namba kumi na mbili. Ndizo nilizopimia miaka yote sita. Sahihi ni yangu. Nimewapa mwenyewe, Mheshimiwa, kwa ujinga wangu, na ripoti zangu zote sita ni takataka. Mhuri wa kupokelewa Kampuni una jina la mtu." Akainua kidole kuelekea safu ya mbele. "Mkurugenzi wetu."

Kelele zilizolipuka hapo siwezi kuziandika. Waandishi wa habari walipanda juu ya viti. Mkurugenzi alisimama, akakaa, akasimama tena. Jaji aligonga meza mpaka kifuniko cha kalamu kikaruka.

Nyuma ya Wakili, kijana mmoja wa tai ya bluu aliinama juu ya simu yake. Kidole chake kilicheza kidogo tu.

Kwenye skrini, watoto wakaganda.

Mkono wa binti wa pengo ulikuwa umeinua daftari nusu. Ukabaki hapo hapo. Msaidizi alikuwa katikati ya neno, vidole vimetawanyika. Duara dogo jeupe likaanza kuzunguka, likazunguka, na visanduku vikazimika kimoja baada ya kingine, kumi na tisa, kumi na nane, kumi na saba. Msiniulize kwa nini walifanya upuuzi ule mbele ya watu. Makubaliano yamevunjwa, nao wakataka mvunjaji aumie hapo hapo.

Mwalimu hakusikia barua. Hakusikia kelele. Mkalimani alikuwa amezidiwa na vurugu, mikono imemshuka. Alichokiona Mwalimu ni dada yake amesimama na karatasi, halafu watoto wake wanazimika. Aliyaunganisha mambo hayo mawili bila kuambiwa.

Alitembea mpaka kwenye skrini. Akaweka kiganja juu ya kisanduku cha binti yule, kikazimika chini ya mkono wake.

"Karani," Jaji alisema, sauti imebadilika. "Kwenye simu hiyo hiyo, fungua masomo ya Kampuni."

Karani akafungua. Mwanamume mchangamfu akaonekana ukutani akifundisha hesabu, safi kabisa, bila hata kukwama mara moja.

"Zima," Jaji akasema. "Wamebana mbele ya macho yangu."

Lakini Wakili Tabasamu hakulipwa ili ashindwe. Alikuwa ameshasimama, mkoba mkononi, mtulivu. "Mheshimiwa, mtandao huanguka, hata nyumbani kwangu huanguka. Na hata kama kungekuwa na jambo, malalamiko yameondolewa, kwa hiari, mbele yetu sote. Pasipo mlalamikaji jopo hili halina kesi. Barua hiyo haina faili la kuingia. Naomba tuage."

Jaji aling'ata mdomo. "Sheria iko hivyo, kwa bahati mbaya. Ila fomu sijaisaini." Akaegemea mbele. "Mkalimani, mwambie kila kitu. Barua imesema nini, na video zimekatwaje. Usiruke neno."

Mikono ya Mkalimani ikafanya kazi kwa muda mrefu. Mwalimu alitazama bila kupepesa.

"Sasa muulize. Akirudisha malalamiko yake, naendelea na kesi sasa hivi, barua inaingia, na Kampuni haitoki hapa salama. Asiporudisha, nasaini na tunakwenda nyumbani. Anataka nini?"

Ukumbi mzima ulimgeukia Mwalimu. Mizani naye alimtazama, sasa waziwazi, hana tena nguvu ya kujifanya. Alikuwa anamsihi kwa macho. Rudisha, mdogo wangu. Inua mkono tu. Nimekukosea, lakini rudisha.

Mwalimu hakumtazama Jaji. Alimtazama dada yake, na mikono yake ikapanda taratibu, ikasema maneno machache, ikashuka.

Mizani aliyaelewa kabla ya mtu yeyote. Akashika kiti.

Mkalimani alimgeukia Mwalimu tena.

"Tafsiri," Jaji akasema.

"Mheshimiwa, labda nimuulize tena..."

"Umeapa. Tafsiri alivyosema."

Mkalimani akatii. "Anasema, 'Muulizeni dada yangu. Yeye ndiye anayejua ninachotaka.'"

Wakili Tabasamu alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama. Akarudi hadi mezani kwake, akaweka mkoba chini, akaufungua tena.

"Dada yake?" akauliza.

Jaji alishusha miwani taratibu. "Mwalimu, dada yako ni nani?"

Mkalimani aliinua mikono kulifikisha swali, lakini Mwalimu alikuwa ameshalisoma kwenye midomo ya Jaji. Na kwa jibu lake hakuhitaji mtu wa kumsemea. Alinyoosha kidole.